Sare Isiyo na Pindo

Nchi ninayotaka kuwasimulia habari zake sitaitaja jina, na si kwa woga, hasha! Mimi na woga wapi na wapi. Ni kwamba jina lake lilibadilishwa tena wiki jana, na hilo jipya bado linangoja sahihi ya Naibu Katibu, naye yuko safarini. Kwa hiyo niachieni niseme nchi yetu tu, na anayeijua ataijua. Jina langu mimi halijabadilishwa. Naitwa Mbaruku, fundi cherehani. Nashona sare za shule katika kibanda kinachotazamana na lango la Shule ya Msingi Ushindi, mwaka wa ishirini na sita huu. Siasa siijui. Najua inchi.

Sasa, katika nchi yetu kuna Mwezi wa Matayarisho. Ni mwezi mzima kabla ya shule kufunguliwa, na mwezi huo raia haruhusiwi kuoa, kuhama wala kuugua, ila kwa kibali, ili wazazi wasipate kisingizio. Kila mzazi huletewa Orodha kutoka Wizara ya Matayarisho. Orodha ya mwaka huu ilikuwa hivi: daftari kumi na mbili, kalamu, ndoo yenye mfuniko, fagio la chelewa, jembe lenye mpini, tofali mbili, robo mfuko wa saruji, sare, na picha ya Mheshimiwa Waziri akitabasamu. Mwaka juzi picha ilitakiwa iwe ya Waziri akitafakari, na wazazi waliokuwa wamewahi kununua yenye tabasamu walikoma.

Mheshimiwa Waziri mwenyewe hufungua mwezi huo kwa hotuba redioni. Hotuba ya mwaka huu ilichukua saa nne, na nilishona kaptura saba akiwa bado anawasalimu waheshimiwa wenzake. "Mtoto asiyetayarishwa," alisema, "ni mtoto ambaye hakutayarishwa!" Makofi yakapigwa mpaka redio yangu ikazima.

Nisimchoshe mtu. Niingie kwenye kazi yangu, maana jambo lenyewe lilianzia huko.

Zamani nilikuwa nampima mtoto kwa mikono yangu. Mtoto anasimama, ananyoosha mikono kama anataka kuruka, futi ikimgusa kwapani anacheka, naanza upya. Wizara ikaona hapo pana uzembe. Ikagundua kwamba watoto wanakua ovyo ovyo, kila mmoja kwa wakati wake, bila mpango. Ndipo, miaka mitatu hivi iliyopita, likatolewa Jedwali la Taifa la Ukuaji. Tangu siku hiyo mtoto hapimwi, anasomwa kwenye Jedwali. Una miaka tisa, urefu wako ni huu. Una kumi, ni huu. Juni kuanzia tarehe moja hadi tarehe saba watoto wote wa nchi nzima wanarefuka inchi mbili. Anayekuwa mfupi kuliko Jedwali, wazazi wake wanaandikiwa barua ya onyo.

Na kuna pindo. Fundi yeyote wa sare anaacha pindo, hilo halikuhitaji serikali. Unakunja kitambaa kwa ndani huku chini, ili mtoto akirefuka ufumue na gauni lirefuke naye. Mama akileta mtoto, neno lake la mwisho mlangoni ni lile lile, "Fundi, umwachie pindo." Mimi nililichukulia kama salamu tu. Lakini Wizara ikalifanya sheria. Kila sare iwe na pindo la inchi nne kamili, kwa kuwa taifa linakua. Fundi atakayeshona sare isiyo na pindo amelitakia taifa mabaya, na cherehani yake itakamatwa. Cherehani, eti! Mimi mwenyewe niendelee na shughuli zangu.

*

Miaka mitatu iliyopita Shule ya Ushindi ilipata jengo la ghorofa. Lilijengwa kwa siku kumi na moja, kwa sababu siku ya kumi na mbili Mheshimiwa alikuwa na nafasi ya kuja kulizindua. Saruji ilitoka kwa wazazi, robo mfuko kwa kila mtoto, na watoto walikuwa mia tisa. Ilivyotumika sijui. Najua tu kwamba mwaka ule Mheshimiwa alizungushia nyumba yake ukuta, na ukuta ule mpaka leo haujapata hata ufa.

Jengo lilisimama wiki sita. Jumanne moja, kipindi cha tatu, nikiwa natia uzi kwenye sindano, nilisikia kishindo, kisha vumbi likaja mpaka kibandani kwangu nikashindwa kuiona cherehani iliyokuwa mbele yangu. Tulikimbia na majembe. Tulikuta askari wameshazunguka. Kifusi kilisawazishwa siku ile ile kabla ya saa za kazi kwisha, kwa sababu kesho yake kulikuwa na wageni. Juu yake ikapandwa bustani, na kibao, "Usikanyage maua."

Redio ikatangaza kwamba jengo limepumzika, na kwamba wanafunzi thelathini na mmoja waliokuwa ndani yake wamehamishiwa Darasa la Juu.

Wazazi walipokwenda kuuliza Darasa la Juu liko wapi, walioneshwa. Mwalimu Mkuu, Bi Nambuo, aliwapeleka nyuma ya jiko la shule, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Ukutani misumari thelathini na mmoja, chini ya kila msumari jina. Kina mama walilia kilio ambacho sitakielezea. Ofisa mmoja akawaomba wapunguze sauti, maana kuna darasa linaendelea.

Mwezi wa Matayarisho ulipofika, wakaletewa Orodha. Walidhani ni makosa ya karani. Hapana, waliambiwa, mtoto aliyehamishwa bado ni mwanafunzi, anatakiwa ndoo, fagio, daftari na sare yenye kipimo cha umri wake mpya. Mzazi asiyemtayarisha aliye Darasa la Juu, hata mtoto wake mwingine aliyebaki hatapokelewa shule. Basi, wakanunua. Walikuwa na watoto wengine, wangefanyaje?

Na mimi nikashona. Sare thelathini na moja, mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili thelathini na moja, kubwa zaidi, kama Jedwali linavyotaka. Mimi fundi, natazama kitambaa.

Kila asubuhi mstarini majina ya shule nzima yanasomwa. Yakifika ya Darasa la Juu, watoto wa madarasa mengine wanawaitikia, wamefundishwa. "Mwajabu Sefu!" "Yupo!" Mara thelathini na moja. Kibandani kwangu inasikika vizuri sana, na nilijifunza kukanyaga cherehani kwa nguvu wakati huo. Mwisho wa mwaka wanapewa ripoti. Mwajabu Sefu mwaka jana alikuwa wa pili. Tabia, mtulivu. Maoni ya mwalimu, ajitahidi kuzungumza zaidi darasani.

Juni ndiyo iliyokuwa ikinimaliza. Juni shule huniletea sare za Darasa la Juu ndani ya gunia, nizishushe pindo inchi mbili. Nguo zilizotundikwa kwenye msumari miezi mitano. Nilitegemea zije kama zilivyoondoka. Zilikuja zimechakaa. Kola zina jasho. Mifukoni vumbi la saruji, laini, la kijivu, lile lile lililoingia kibandani siku ile. Na kiwiko, jamani. Fundi anajua kiwiko. Mikono ya gauni ilikuwa imechakaa inchi tatu juu ya pale kinapokaa kiwiko cha mtoto wa umri ule kwenye Jedwali. Ilichakaa mahali pa kiwiko cha mtoto mdogo. Na chini, mapindo yote yalikuwa yametatuka kwa mbele.

Nikazishusha inchi mbili kama nilivyoagizwa. Nikasaini fomu. Usiniulize kwa nini, hata mimi najiuliza.

*

Mwaka huu, wiki ya pili ya Mwezi wa Matayarisho, akaja Bi Kidawa. Anauza vitumbua karibu na zahanati, mwanamke mwembamba, maneno yake machache. Zamani sote tulimwita Mama Mwajabu, kwa binti yake wa kwanza. Baada ya ile Jumanne, majirani kwa huruma wakaanza kumwita Mama Salha, kwa binti wa pili. Aliyebaki kumwita Mama Mwajabu ni serikali peke yake, kwenye bahasha.

"Hodi, fundi."

"Karibu, Mama Salha. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Nimekuja na Orodha zangu mbili."

Salha alikuwa naye, kashika ndoo mpya mbili, moja ndani ya nyingine. Miaka tisa kamili. Nilipomtazama nilishtuka, maana ndiyo miaka aliyokuwa nayo dada yake. Uso ule ule, hata lile pengo la jino.

"Ya Salha nishaijua," nikasema, nikafungua Jedwali. "Huyu mwingine sasa ana kumi na mbili. Gauni lake linakuwa…"

"Usiniangalizie humo," akasema. "Salha, katazame wanaouza madaftari, nakuja." Mtoto alipotoka, akasogeza kigoda. "Fundi, nikuulize kitu, na usinione nimechanganyikiwa. Gauni linaloning'inia kwenye msumari, pindo lake linachakaa kwa nini?"

Nikajifanya natafuta chaki.

"Mimi ndiye ninayelifua wakifunga shule," akaendelea. "Nalifua mara tatu, maji yanatoka ya kijivu, ya saruji. Na pindo limekatikakatika mbele. Mbele tu, fundi, kwenye vidole vya miguu. Mwaka wa kwanza lilichakaa kidogo. Mwaka jana limekwisha kabisa. Wewe ni fundi. Niambie."

"Panya," nikasema.

"Fundi Mbaruku."

"Mama, mimi…"

"Linaburuzwa!" Sauti ikampanda, akaishusha. "Linamzidi, anaburuza, anajikwaa. Kila mwaka mnamshonea kubwa zaidi, na yeye ni yule yule. Ana miaka tisa. Yuko kule gizani na mawe yale, na nyie mnamvisha gauni la mtu mzima. Atatembeaje mwanangu?"

Kusema kweli nilitaka kumfukuza. Ulimi ulikuwa tayari kumwambia Bi Kidawa nenda zako, unataka kunifungisha. Badala yake nikainuka, nikafunga mlango wa kibanda mchana kweupe, nikamwambia habari ya viwiko. Nilimweleza yote, magunia mawili ya Juni mbili, mifuko, kola. Hakushangaa. Alitikisa kichwa tu.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Ukashona."

"Nikashona."

Hakunitukana, na angenitukana ningepata nafuu. Nikapanda juu ya stuli, nikateremsha kutoka darini daftari langu la zamani la vipimo, ambalo nilitakiwa kulichoma siku lilipoletwa Jedwali. Nikatafuta ukurasa. Nikamsomea. Mwajabu Sefu. Bega kumi na mbili. Kifua ishirini na nne. Mkono kumi na saba. Urefu wa gauni thelathini. Pembeni nilikuwa nimeandika kwa penseli, "Anacheka sana, pima tena."

Bi Kidawa aliliwekea kidole lile neno.

"Mshonee hivyo," akasema. "Kama alivyokuwa. Na usimwachie pindo."

"Bila pindo? Mama, cherehani yangu itakwenda jela."

"Pindo la nini, fundi?"

Miaka ishirini na sita kazini, sikuwahi kuulizwa hilo.

*

Nilidhani nitashona moja, nilichanganye katikati ya yale mengine, Mkaguzi wa Wizara asilione. Kesho yake saa tatu alikuja baba mmoja, dereva wa trekta, akasimama mlangoni akachezea kofia. "Nasikia lile daftari bado unalo," akasema. Mchana walikuja wanne. Ijumaa nilikuwa nimesoma kurasa thelathini na moja, na wazazi wengine waliniomba nirudie, kama mtu anayesomewa barua. Nilishona zote kwa vipimo vile, gauni na kaptura na mashati, chini nikazikata sawasawa na kuzipiga uzi mmoja wa kuzuia kukatika. Kazi safi. Kitambaa kilibaki kingi, nikakikunja nikakiweka pembeni.

Za watoto walio hai nilizifanya kama sheria inavyotaka, inchi nne.

Siku ya Ukaguzi ikafika. Siku hiyo wazazi hutandika mikeka uwanjani na kupanga vitu vya Orodha, mtoto anasimama nyuma ya ndoo yake. Sare za Darasa la Juu zilitundikwa kwenye kamba moja ndefu, kutoka mlingoti wa bendera mpaka nguzo ya goli, mbele ya jukwaa. Bustani ilikuwa nyuma ya jukwaa, maua yamestawi kupita maua yote ya mji.

Mheshimiwa Waziri alikuja na magari kumi na nne. Akahutubia. Akasema nchi jirani zinatuonea wivu kwa sababu huko kwao watoto wanamaliza shule wakaondoka, wakati sisi wetu tunaendelea kuwatunza. Akasema Darasa la Juu halijapata utoro hata siku moja, na akaomba madarasa mengine yaige. Wakapiga makofi.

Kisha majina. Bi Nambuo akasoma ya madarasa yote, watoto wakaitika vizuri. Akayafikia ya Darasa la Juu.

"Mwajabu Sefu!"

Kimya.

Watoto walikuwa wanaitazama kamba. Miaka yote walizoea kuona pale nguo za wakubwa, nguo ambazo si zao. Siku ile waliona nguo zinazowatosha wao wenyewe. Mmoja akatazama gauni, akajitazama, akarudi nyuma akakanyaga fagio.

"Mwajabu Sefu!" Bi Nambuo akarudia. Hakuitika mtu.

Mheshimiwa akamkunjia uso Bwana Kidunda. Huyu ndiye Mkaguzi Mkuu wa Mapindo, mtu mnene anayetembea na rula ya shaba kiunoni. Akaenda kwenye kamba, akashika gauni la kwanza, akaligeuza chini juu. Akaligeuza tena. Akavaa miwani.

"Pindo, sifuri," akasema.

Akaenda la pili. "Sifuri." La tatu. Jasho likamtoka mgongoni. Alikwenda mpaka la mwisho, akarudi akikimbia, na mtu kama yule hakimbii.

"Mheshimiwa, mapindo hayapo. Na kwa mujibu wa Kanuni, sare isiyo na pindo ni ya mtoto asiyekua."

"Na mtoto asiyekua," Mheshimiwa akauliza, "ni mtoto wa namna gani?"

Bwana Kidunda akafungua kitabu cha Kanuni, akatafuta. Akalamba kidole, akatafuta tena. Ndani ya kitabu kile neno lile halikuwemo, mimi najua, tumekisoma sote.

Hapo ndipo Mheshimiwa alipoonesha kwa nini yeye ni Waziri na sisi si mawaziri. Alitazama lile gauni la kwanza. Akatazama mkeka uliokuwa karibu, akamwona Salha amesimama nyuma ya ndoo mbili. Akatabasamu kama kwenye picha.

"Mvisheni," akasema.

Wakalitoa gauni kwenye kamba. Wakamvisha Salha juu ya nguo zake, akiwa amenyoosha mikono, amekodoa macho. Lilimkaa. Bega, kifua, mkono, kila kitu. Chini liliishia magotini kama nilivyokata. Katika maisha yangu sijawahi kushona nguo ikamkaa mtu vile, na natamani mikono yangu ingekuwa imepooza.

"Si huyu hapa!" Mheshimiwa akapaza sauti. "Mwajabu yupo! Nani anasema hakui? Amepatikana! Andikeni, Mwajabu Sefu, yupo. Na huyo mwingine, jina lake nani, Salha, mhamishieni Darasa la Juu. Na sare hizi nyingine zote mtafute wa kuwatosha. Ndugu wananchi, tumelimaliza tatizo!"

Makofi yakaanza upande wa magari. Bwana Kidunda akaandika haraka haraka. Salha akageuza shingo, akamtafuta mama yake.

"Mama," akasema. "Linanuka saruji."

Wallahi nililishona Alhamisi. Kitambaa nilikitoa kwenye robota jipya mbele ya mwenye duka, nikakipiga pasi mimi mwenyewe. Lakini nilikuwa karibu, nikaisikia ile harufu, na kutoka mfuko wa gauni vumbi la kijivu likaanza kumwagika, kidogo kidogo, juu ya miguu ya yule mtoto.

Bi Kidawa akauvuka mkeka. Askari alimnyooshea mkono, akapita chini ya mkono. Akapiga magoti, akaanza kufungua vifungo. Vifungo vitano. Hakuwa na haraka.

"Nyoosha mikono, mama," akamwambia mwanawe. "Hili si lako. La dada yako."

"Mama Mwajabu," Bwana Kidunda akasema, "tayari imeandikwa kwamba yuko."

Bi Kidawa akalikung'uta gauni, akalikunja vizuri, akalibeba mkononi vile unavyobeba mtoto aliyelala. Akainuka. Hakupiga kelele.

"Mwajabu amekufa," akasema. "Yuko chini ya maua yenu. Alikuwa na miaka tisa na alikuwa anapenda kucheka. Amekufa."

Miaka mitatu hakuna aliyelitamka lile neno pale. Bwana Kidunda akaitazama fomu yake, akaigeuza nyuma, akatafuta pa kuliandika. Hapakuwa na mahali. Nami niliogopa sana, nisiwadanganye. Bi Nambuo alisimama na karatasi yake. Nikadhani ataiweka chini. Akasoma jina linalofuata.

"Hamza Mkude!"

Dereva wa trekta akavua kofia. "Amekufa," akasema.

Akasoma la tatu. Sauti ya mwanamke ikaitika, "Amekufa." Akasoma yote. Aliyelia alilia huku akiitika, aliyeshindwa kusema aliitikiwa na jirani yake. Nilizihesabu sauti, zilikuwa thelathini na moja.

Mheshimiwa akatazama saa yake, akasema ana ugeni, akaondoka na magari kumi na nne.

*

Jioni redio ilitangaza kwamba Siku ya Ukaguzi imefana na mwitikio wa wazazi ulikuwa mkubwa. Hawakusema uongo.

Sare wazazi hawakuzirudisha kwenye misumari. Walizibeba mpaka bustanini, wakang'oa maua kwa majembe yale yale ya Orodha, wakachimba. Walinzi walitazamana. Hakuna sheria inayokataza kuzika nguo, na kumkataza mtu kuzika maiti ingebidi kwanza ukubali kwamba ipo. Nilikuwa mle shimoni, nikizipokea moja moja nazilaza. Juu wakaweka mbao zenye majina. Bi Kidawa ndiye aliyesoma dua, kwa sababu wengine sauti zilikuwa zimewakauka kwa kulia.

Cherehani yangu ilikamatwa Jumatatu. Waliifunga kamba, wakaipakia kwenye gari ikiwa na askari wawili, kila mmoja upande wake. Sasa nashona kwa mkono. Kazi ni ya polepole na macho yanauma.

Salha alipokelewa shule. Bwana Kidunda alitaka kumzuia, lakini Bi Nambuo alimwonesha fomu: Orodha ya Mwajabu ilikuwa imetimizwa, sare ililetwa, ikakaguliwa, ikavishwa, na fomu haina sehemu ya kuandika kilichotokea baadaye. Mstarini majina thelathini na moja bado yanasomwa kila asubuhi, maana Wizara haijaamua. Watoto hawaitiki tena. Panakuwa na kimya baada ya kila jina, Bi Nambuo anangoja kidogo, anaendelea. Mimi sasa huacha sindano nasikiliza.

Juni gunia halikuja. Alikuja Bi Kidawa na Salha, na gauni la Salha limepanda juu ya magoti.

"Karibu, Mama Mwajabu," nikasema.

Akanitazama. "Ahsante, fundi," akasema. "Huyu amerefuka. Sijui lini, nimeona leo asubuhi tu."

Jedwali liko ukutani, sikuligusa. Nikatoa futi. Mtoto akanyoosha mikono, nikampitishia kwapani, akacheka, nikapoteza hesabu, nikapima tena. Inchi moja na nusu. Nikakaa nikaanza kufumua, na nilipofungua lile pindo ndani yake kitambaa kilikuwa kipya kabisa, bluu ile ya dukani, hakina jasho wala vumbi. Machozi yakanitoka kama mjinga, mtu mzima na ndevu zake.

Bi Kidawa alikuwa ameinama juu ya bega langu, anatazama sindano.

"Fundi," akauliza taratibu, "limebaki?"

"Limebaki," nikamwambia. "Inchi mbili na nusu."

Akavuta kigoda, akakaa kungoja.